Sare Kumi na Tisa Zisizo na Watoto

Mtu akikuletea kitambaa cha sare bila mtoto wa kupima, kaa chonjo. Ndivyo alivyojiambia Pindo siku Mwalimu Mkuu alipomtokea barazani saa sita mchana, saa ambayo mwalimu mwenye haya huwa yuko darasani. Alikuwa amebeba majora matatu begani, moja la bluu, moja la khaki na moja jeupe, akayabwaga kando ya cherehani kama anayetua mzigo wa kuni.

"Sketi kumi na moja, kaptula nane," akasema huku akijifuta shingo kwa leso. "Na mashati yake."

"Vipimo viko wapi?"

"Kadiria tu, fundi. Watoto wa darasa la saba si unawajua?"

"Nawajua. Wako kumi na sita, na wote nimeshawashonea. Hawa kumi na tisa wameanguka na mvua?"

Mwalimu akacheka kicheko cha kuazima. "Watakuja. Wewe shona tu. Na usizibane, ziwe kubwa kubwa."

Kisha akafanya jambo lililomtia Pindo wasiwasi kuliko yote: akalipa ujira wote papo hapo, bila kuomba apunguziwe. Kwa miaka kumi na saba aliyokaa nyuma ya ile cherehani, hakuna mzazi wala mwalimu aliyewahi kumlipa bila kulialia kwanza.

Jina la Pindo halikuwa la kuzaliwa. Watu walimpa kwa sababu ya mapindo yake. Kila sketi aliyomshonea mtoto aliiachia pindo la vidole vitatu kwa ndani, na kila mwaka mtoto alipokua mama yake aliileta ishushwe kidogo. Pale kitambaa kilipokuwa kimekunjwa hubaki mstari, na mstari ule hakuna sabuni inayoutoa. Pindo akimwona msichana anapita barabarani anajua: mistari miwili, huyu sketi yake ina mwaka wa tatu, mistari minne na kiraka, huyu ameirithi kwa dada yake. Wengine husoma watoto machoni. Yeye aliwasoma magotini.

Na pua alikuwa nayo. Hakununua chumvi bila kuipima mkononi, wala hakupokea salamu ndefu bila kujiuliza inataka nini. Mume wake, mlinzi wa ghala la saruji mji wa mbali, aliyekuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, alizoea kusema kwamba wakubwa wake wangemwajiri mke wake wangeachisha kazi walinzi watatu na mbwa. Pindo aliposikia utani huo mara ya kwanza alimwuliza ni mwanamke gani aliyemfundisha.

Basi Mwalimu Mkuu alipogeuka kuondoka, Pindo akamtazama mpaka kona ya mwisho. Alikuwa anatembea kwa miguu.

"Shoga," akamwita mwenye duka, mama mnene ambaye baraza lake ndilo walilogawana, yeye na mizani yake upande mmoja, Pindo na cherehani upande wa pili. "Baiskeli ya Mwalimu iko wapi siku hizi?"

"Anayo muuza maziwa. Kaipata wiki jana, na kengele yake."

Pindo akaacha kukanyaga. Baiskeli ile Mwalimu alikuwa akiifuta kila asubuhi kwa bidii kuliko alivyofuta ubao. Alikaa maili tatu kutoka shuleni. Mtu hauzi miguu yake hivi hivi.

"Atakuwa ana mwanamke," akasema mwenye duka.

"Mwanamke wa kuvaa kaptula nane?"

"Basi anafungua shule yake mwenyewe mahali. Siku hizi si wanafungua, mtu anaweka mabati mawili na kengele, anasema ni shule. Atawavalisha watoto sare zako apige picha, apeleke kwa wafadhili, sisi tubaki na majengo yetu haya."

Hilo liliingia. Pindo alikata zile sare siku mbili, na kila alipopitisha mkasi alimwona Mwalimu amesimama mbele ya shule ya watu wengine, na watoto kumi na tisa asiowajua wakitabasamu. Siku ya tatu akavaa futi yake ya kupimia shingoni, akaenda shuleni. Mtu mwenye futi shingoni hakuna anayemwuliza anatafuta nini.

Shule ile ilikuwa na vyumba vinne na mapaa matatu. Paa la nne lilichukuliwa na upepo miaka miwili nyuma, likapatikana shambani kwa mtu, na mtu huyo akawa ameliezekea banda la mbuzi kabla kamati haijafika. Kwa hiyo darasa la tano na la sita walikaa chumba kimoja wakipeana migongo, wa tano wakitazama ukuta wa mbele, wa sita wakitazama wa nyuma, na mwalimu mmoja akienda na kurudi katikati kama mpishi mwenye sufuria mbili kwenye nyumba mbili. Ubao wa darasa la sita ulikuwa mlango wa stoo uliopakwa rangi nyeusi; bawaba zake zilikuwa bado zinaning'inia, na mtoto aliyeitwa ubaoni alipobonyeza chaki kwa nguvu, ubao ulilia.

Darasa la saba walikuwa na chumba chao, cha mwisho. Humo ndimo alimokaa kitinda mimba wake, ambaye nyumbani waliitana naye Kitinda, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye maswali mengi kuliko meno. Walikuwa kumi na sita kwenye madawati sita. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja tu, na Mwalimu Mkuu, anayefundisha darasa hilo mwenyewe, alikuwa amekikata vipande vinne na kuvishona kwa uzi wa gunia, ili kila kundi lishike kipande chake na kubadilishana Ijumaa. Kitinda alikuwa bingwa wa sehemu. Asilimia hakuwa amezifikia. Zilikuwa bado kwa watoto wa dirishani.

Mwalimu alikuwa nje, akiwaamulia wavulana ugomvi wa ndoo. Juu ya meza yake daftari la mahudhurio lilikuwa wazi. Pindo aliishia darasa la saba, tena zamani hizo, lakini kusoma majina hajasahau. Akajifanya anampima Kitinda mabega, jicho akalitupa mezani.

Majina yalikuwa thelathini na tano. La tatu kutoka juu lilikuwa la binti yake mkubwa.

Akalisoma tena, pamoja na jina la baba na la babu, asije akawa amemwona mwingine. Alikuwa yeye, Mkubwa, ambaye muda huo alikuwa nyumbani anapasua kuni, na ambaye hajakanyaga darasa lolote kwa mwaka na miezi. Mbele ya jina lake vema zilijipanga kama siafu, siku hadi siku, wiki hadi wiki. Mkubwa hakuwa amekosa shule hata mara moja. Siku waliyomzika bibi yake, binti huyo, kwa mujibu wa daftari, alikuwa darasani anasoma.

"Mama, mbona unanibana shingo?" akasema Kitinda.

Pindo hakungoja. Mwalimu alipoingia alimkuta amesimama mlangoni, futi ameikunja mkononi kama mjeledi.

"Mwalimu, binti yangu anaendeleaje na masomo?"

"Kitinda? Vizuri sana, fundi, ana akili ya..."

"Simwulizii Kitinda. Nauliza yule wa tatu kutoka juu."

Mwalimu akafumba macho kidogo. Kisha akamwongoza mpaka ofisini, chumba cha majembe na mifagio ambacho ndani yake kulikuwa na kiti kimoja. Akampa Pindo kiti, yeye akakalia debe.

Barua aliyoitoa ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imekaribia kukatika. Ilisema kwamba darasa la saba lolote lenye wanafunzi chini ya thelathini na tano litafungwa, na watoto wahamie shule kubwa ya ng'ambo ya mto kuanzia muhula ujao. Mkaguzi angekuja Alhamisi ya wiki ya pili kuwaona kwa macho.

"Ninao kumi na sita," akasema Mwalimu. "Wengine kumi na tisa niliwafundisha mimi mwenyewe hapa mpaka la sita. Hakukuwa na la saba hapa wakati ule, unakumbuka. Wakapelekwa ng'ambo, wakarudi mmoja mmoja. Wapo, fundi. Wanafyatua matofali, wanachunga, wanauza sokoni. Nawaomba siku moja tu. Wakae, wahesabiwe, waende zao."

"Na mahudhurio ya miezi mitano?"

"Hayo niliyaandika usiku mmoja." Akatazama mikono yake. "Nilikosea. Ningewaumwisha malaria mara mbili tatu."

Pindo hakucheka. "Na wewe unapata nini?"

"Mtoto wako anapata kutokuvuka mto."

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza wewe."

Mwalimu akasema darasa likifungwa yeye atashushwa, apelekwe shule nyingine asiyoijua, na hapa abaki mtu wa kufundisha kusoma a, e, i tu. Pindo akatikisa kichwa taratibu. Sasa walau kulikuwa na kitu cha kushika. Mtu anayekutendea wema mtupu hana pa kushikwa.

"Kuna jambo jingine," Mwalimu akasema, akilichokonoa debe kwa kisigino. "Zisionekane mpya. Yule mkaguzi wanasema ana macho. Ile mistari yako ya mapindo... ungeweza kuiweka?"

Pindo akataka kumtukana. Kwa fundi, kuuza mstari wa uwongo ni sawa na mwenye duka kuuza mizani iliyochezewa. Badala yake akauliza, "Kitambaa ndicho kilichokula baiskeli?"

Mwalimu akainama kupangusa vumbi la viatuni. Pindo akaondoka akiwa na shaka zaidi ya alivyokuja, kwa sababu sasa hakuwa na hakika kama anamshuku mwizi au mtu aliyechoka.

Nyumbani alimkuta Mkubwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anachambua choroko. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mzito wa maneno.

"Umeonana na Mwalimu Mkuu?"

"Siku nyingi."

"Alikuja lini?"

"Mwezi uliopita. Nikamwambia nitakuja."

"Na mimi nyumba hii naishi kama mpangaji?"

"Nilijua utanusa kitu, mama." Mkubwa aliendelea kuchambua. "Ukinusa kitu, huwa siendi."

Pindo alikaa chini. Lile lilikuwa kweli, tena lilikuwa na historia. Mkubwa alikuwa amevuka mto ule miezi mitano. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, masika akifika darasani amelowa mpaka kifuani. Kisha akaanza kufika nyumbani mapema, tena mkavu. Akasema kuna kijana wa pikipiki anampa lifti njia ya juu, ya kuzunguka. Bure. Neno hilo bure ndilo Pindo alilolisikia usiku kucha. Kesho yake alificha sare, keshokutwa akaikata ikawa foronya, na masomo ya Mkubwa yakaisha hapo. Yule wa pikipiki baadaye alihamia mji mwingine bila kosa lolote linalojulikana. Mkubwa aliapa kwamba hakuna lililotokea. Pindo hakuwahi kumwamini wala kutomwamini. Na foronya aliilalia mwenyewe.

Sasa aliona jinsi itakavyokuwa. Muhula ujao Kitinda angevuka. Angelowa. Siku moja angerudi mkavu. Na yeye Pindo, kwa jinsi anavyojijua, angeushika mkasi.

"Ulikuwa unakaa wapi kule ng'ambo, darasani?" akauliza.

"Juu ya tofali. Madawati yalikuwa ya waliotangulia kufika. Mimi nilikuwa nafika wa mwisho."

Alasiri ile Pindo aliwasha pasi ya mkaa. Alikunja kila pindo, akalipitishia sabuni ya mche upande wa ndani, akalibana kwa pasi mpaka kitambaa kikanuka, kisha akalifumua na kulishusha. Sare zote akaziloweka kwenye maji ya majivu, akazianika, akaziloweka tena. Mwenye duka alipouliza kwa nini anafua nguo ambazo hazijavaliwa, alimwambia kitambaa kina wanga. Na kwa vile kumi na tisa zenye mstari mmoja mahali pamoja zingeonekana kama askari wa gwaride, nyingine aliziwekea mistari miwili, nyingine kiraka kwenye makalio. Ilikuwa kazi nzuri, na kila ilipozidi kuwa nzuri ndivyo alivyozidi kuona aibu.

Alhamisi ikafika. Wazazi wa kamati, na Pindo akiwa mmojawapo, walikaa kwenye benchi chini ya dirisha la darasa la saba. Mkaguzi alitokea upande wa mtoni, viatu mkononi, maana gari lilikuwa limekwama ng'ambo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kwenye uzi. Akaomba maji ya kunawa miguu kabla ya kuomba daftari. Pindo akamtazama anavyojikausha katikati ya vidole, mmoja baada ya mwingine, akajiambia: huyu hakosi kitu.

Darasani walikuwa thelathini na watano, wamebanana. Mfyatua matofali alikuwa amenyoa ndevu na kujikata mara mbili. Mchunga ng'ombe alikaa goti limegonga ubao wa dawati. Mkubwa alikaa mbele kabisa, mikono juu ya meza, na alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono mkaguzi alipouliza robo ya mia mbili. Kwenye dawati la dirishani alikaa msichana wa miaka kumi na saba ambaye mwanawe wa miezi minne alikuwa ameachwa kwa bibi yake nyuma ya choo. Mkaguzi akiwa katikati ya swali la pili, mtoto akalia. Msichana hakugeuka. Lakini shati lake jeupe, lile alilolifua Pindo kwa majivu, lilianza kulowa kifuani, madoa mawili, yakakua, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Mkaguzi aliyaona. Alimaliza swali lake, akasikiliza jibu, kisha akatoka nje na kusimama mbele ya benchi.

"Nani anashona sare hapa?"

"Mimi," akasema Pindo.

"Kazi safi. Zile za mabenchi ya nyuma ulizishona lini?"

Mwalimu Mkuu, nyuma ya mkaguzi, aliganda. Wenzake wa kamati wakaanza kutazama vidole vya miguu. Kusema mwaka juzi ilikuwa rahisi. Mistari ilikuwepo, mtu angeihesabu. Pindo alifungua mdomo aseme hivyo hivyo. Ila swali lenyewe lilimnukia. Liliulizwa polepole, kwa upole uliozidi, na mtu aliyekwisha kulijibu moyoni mwake. Yeye mwenyewe ndivyo alivyomwuliza Mkubwa habari za ile pikipiki.

"Wiki jana," akasema.

Mtu mmoja kwenye benchi akaguna.

"Na mapindo yaliyoshushwa?"

"Wiki jana hiyo hiyo. Nimeyachoma na pasi." Akasimama. "Sare ndizo za uwongo, bibie. Watoto ni wetu. Kila unayemwona pale nyuma alimaliza la sita hapa hapa, akapelekwa ng'ambo kusoma la saba, na mto ukamrudisha. Huyo wa mbele ni wangu. Mimi ndiye niliyemtoa, kwa kuogopa njia. Leo wewe umevuka mara moja, wakati wa kiangazi, umeomba maji ya kunawa. Wao walivuka masika."

"Na huyo mwenye mtoto mchanga?"

"Yeye alirudishwa na barabara, na lifti zake. Sijui kama kuna tofauti."

Mkaguzi akavaa miwani, akatazama dirishani. "Na leo mmewaleta wafanye nini?"

Aliyejibu alikuwa Mkubwa, kutoka ndani, kwa sauti ile ile nzito ya kuchambua choroko. "Kusoma."

Wavulana wawili wakacheka kwa pua. Mkaguzi hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, mkono wa kushoto ameukinga kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu, akachukua viatu vyake akaenda zake.

"Umenimaliza, fundi," akasema Mwalimu Mkuu.

"Ulikuwa umeshakwisha, mwalimu. Nimekufunika tu."

Wiki ile kijiji kizima kilimkasirikia. Mwenye duka alisogeza mizani yake mbali kidogo na cherehani. Watu walisema Pindo alikuwa amehongwa, wengine wakasema aliona wivu watoto wa wenzake wakirudi shule. Kitinda alilia siku nzima, kisha akaanza kujipima kama miguu yake itafika chini mtoni.

Jumatatu asubuhi Mkubwa akatoka chumbani amevaa sketi ya kiraka.

"Unakwenda wapi?"

"Shule."

"Nani kakuita? Mkaguzi kaondoka."

"Jina langu liko kwenye daftari, mama. Sijakosa hata siku moja. Nianze kukosa leo?"

Pindo akamtafuta usoni kama kuna mtu mwingine anayemngoja huko, pikipiki, ahadi, chochote. Hakuona. Lakini alijifunga kanga akawafuata wote wawili mpaka shuleni, hatua hamsini nyuma, akasimama dirishani. Walikuja kumi na mmoja kati ya wale kumi na tisa. Mfyatua matofali alikuja na ndevu zake. Mwenye mtoto alikuja na mtoto, akamlaza kwenye kikapu chini ya dawati, na Mwalimu Mkuu, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu Alhamisi, akasimama muda mrefu ameshika chaki bila kuandika kitu. Halafu akafungua daftari la mahudhurio, na mbele ya wanane ambao hawakuwapo akaweka sifuri.

Mchana Pindo akafunika cherehani. Akaenda kwa wale wanane, nyumba kwa nyumba, na futi yake shingoni. Aliwaambia wazazi sare zimekosewa, anataka kuzipima upya, na akishamshika mtoto mabega alianza kuuliza. Kwa nini hujaenda. Nani kakuzuia. Unaficha nini. Baba wawili walimfukuza. Mama mmoja akamwambia ampe siku tatu atafute wa kuchunga ng'ombe. Watano akawapata.

Mkaguzi alirudi mwezi uliofuata, bila barua, Jumanne ya mvua. Alikuwa amezunguka njia ya juu kwa muda wa saa nne na amelowa hata hivyo. Pindo alipomwona anapita mbele ya duka aliangusha mkasi. Akamfuata.

Darasani walikuwa thelathini na mmoja. Mkaguzi aliwahesabu mara mbili, kisha akasimama na daftari akilinganisha ukurasa na ukurasa.

"Miezi mitano wanafunzi wenu hawakuugua hata mafua," akasema. "Mwezi huu watu wanakohoa, wanafiwa, wanachelewa mvua. Huu ndio mwezi wa kwanza ninaouamini." Kisha akamtazama Mwalimu Mkuu. "Barua ya onyo utaipata, na ni halali yako. Darasa nitaandika libaki mpaka daraja lijengwe mtoni. Likijengwa, mtavuka kama watu wengine."

Mwalimu akashukuru mpaka akasahau kumpa kiti. Kamati walipigana mabega. Daraja. Kila mmoja wao alikuwa amezeeka akiahidiwa hilo.

Pindo peke yake hakufurahi vizuri. Jambo lilikuwa limekubaliwa haraka, na yeye kitu kinachokubaliwa haraka hakukipenda. Alirudi kwenye cherehani bila msaidizi, kwa sababu msaidizi wake, Mkubwa, alikuwa shule, kazi zikalala, wateja wakasema ameanza uvivu. Jioni aliwasikiliza binti zake wawili wakigombania kipande cha kitabu chenye asilimia. Aliwaza: kuna kitu. Hakijajitokeza tu.

Kilijitokeza wiki tatu kabla ya mtihani. Alikuwa amekwenda mtoni kufua jora, akawakuta wanaume wanne kwenye ukingo, wamevaa buti na kofia za plastiki. Wawili walishika fimbo ndefu zenye rangi nyekundu na nyeupe, mmoja alichungulia kwenye chombo chenye miguu mitatu, wa nne alivuta futi ya chuma kutoka jiwe hadi jiwe. Ilikuwa futi ndefu kuliko yake mara mia.

Wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele. Pindo akatua jora; yeye alikuwa analikumbuka neno la mkaguzi: likijengwa, mtavuka. Akamwendea yule mwenye futi, akasimama karibu naye mpaka akalazimika kugeuka.

"Kaka, mnapima nini?"

"Daraja, mama. Mmepata bahati."

"Mnaanza lini?"

"Kupima ndiyo tumeanza."

"Kujenga nauliza."

Yule mwanamume akamtazama vizuri, labda alifikiri mama huyu ana haraka, akataka kumtuliza. "Usichoke, mama. Vipimo vinapelekwa mjini, vinapitiwa, wanatafuta mkandarasi. Miaka miwili hivi. Ikizidi sana mitatu."

"Una hakika haipungui?"

"Haipungui."

Pindo akamwangalia machoni, kulia, kisha kushoto, kama anavyoangalia mshono. Akaishika ncha ya futi ya chuma iliyokuwa ikimponyoka, akamwekea juu ya jiwe.

"Pimeni vizuri basi, kaka," akasema. "Pimeni taratibu. Na mkifika mwisho, rudieni."